Hameni! Amri, Adabu na Maji ya Masinga

Maji ya Masinga yakifurika, tangazo tulizoealo huwa la mfano huu: wakazi wa nyanda za chini za mto Tana wanashauriwa kuhamia sehemu za miinuko. Ni maneno ya adabu, hayana ila. Lakini msomaji na ayatazame tena, kisha ajiulize: ni nani anayesema hapo, na ni nani anayeambiwa? Mshauri hayumo. Na anayeshauriwa ni "wakazi", yaani watu fulani, si wewe uliyeketi kibarazani Garsen na redio yako.

Bwawa hilo la Machakos lilikamilika mwaka 1981, nalo liko juu ya wenzake: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Likitapika, na wale wa chini hutapika, maji yakashuka Garissa, Hola na Garsen hata yakamwagikia baharini pale Kipini. Mwaka 2018, na tena 2024, lilijaa likafurika, na huku chini maelfu ya watu walihama makwao. Kwa hivyo mvua ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ni shughuli yetu sisi watu wa pwani, na namna tunavyoambiwa habari zake ni shughuli yetu pia.

Kwa nini basi neno "hameni" laogopwa? Nadhani ni kwa kudhaniwa kuwa amri ni ufidhuli. Waliokaa chuoni wakasoma sarufi ya Kiarabu watakumbuka kwamba sivyo. Fi'il amri ni sura moja tu ya kitenzi, lakini wanazuoni wa balagha waliigawa kwa kutazama nani amwambia nani. Ikitoka juu kwenda chini, ni amri. Ikitoka kwa mtu kwenda kwa aliye sawa naye, ni iltimasi, yaani ombi la wenza. Na ikipanda kutoka kwa mja kwenda kwa Mola wake, ni dua. Tunaposema "tusamehe", "turehemu", sarufi yaona amri. Nani atasema kuwa hapo pana utovu wa adabu?

Wafaransa nao wamelitatua jambo hili kwa njia yao, na ndugu zetu Wangazija waliosomeshwa lugha hiyo walijua vyema. Kitenzi chao cha kuamrisha huvuliwa nafsi na kubakia na sura tatu: *parle*, sema, *parlez*, semeni, *parlons*, natuseme. Hiyo *parlez* ina kazi mbili, kwani huambiwa watu wengi na huambiwa pia mzee mmoja anayestahiwa. Wakitaka kuzidisha upole husema *veuillez*, "kuwa radhi", ambalo umbo lake limeazimwa kutoka hali ya kutakia. Ndiyo hila yetu sisi tunapoiacha "njoo" tukasema "uje". Lakini katika vibao vya njiani Mfaransa naye hujificha: huandika *ne pas fumer*, kutovuta sigara, bila ya kumwelekea mtu yeyote. Kwa sigara yafaa. Kwa mafuriko, sidhani.

Kiswahili hakina haja ya kujificha. Silabi yetu ya *ni*, ile ya someni na nendeni, haimtukuzi mtu mmoja kama *parlez*. Yahesabu watu tu. Heshima twaiweka pengine: katika "hebu" na "tafadhali", katika "baba", "mama", "bwana", na katika sauti. (Lahaja nazo zina vituko vyake. Mtu wa Mvita au Amu akimwita mgeni wa bara "ndoo!", asishangae kuletewa chombo cha maji.) Mtoto wa pwani hamwambii babake "keti" kavukavu. Lakini nyumba ikishika moto, mtoto huyo huyo atapiga kelele, "Tokeni!", na babake atatoka mbio bila ya kuuliza malezi yamekwenda wapi.

Wako watakaosema kuwa watu wa Tana hawahami hata wakiamrishwa. Wana sababu yao, na yafaa iheshimiwe. Kwa Mpokomo, mto kufurika si msiba siku zote. Tangu zamani maji yakipanda na kushuka ndiyo yaliyorutubisha mashamba ya mpunga kando ya mto. Aliyezoea kuyangojea maji hawezi kujua, kwa kuambiwa tu kwamba "anashauriwa", kuwa safari hii si maji ya kulimia. Mwenye kujua ni yule aliyeko juu, anayeona bwawa limefika ukingoni. Naye ana siku kadhaa mbele ya maji hayo, kwani mto ni mrefu na njia yake ina mapindi mengi.

Basi na aseme jina lake, ataje na vijiji kwa majina, kisha aseme kwa vitenzi vilivyo wazi: "Hameni leo. Wachukueni wazee na watoto. Wapandisheni ng'ombe. Msivuke mto." Na yasemwe kwa Kipokomo, kwa Kiorma na kwa Kisomali pia, kwani bibi aliye peke yake nyumbani Ozi huenda Kiswahili cha redio champita masikioni, hata kikiwa cha amri.