Tuwakinge Watoto na Sumu Iliyomo Katika Vichezeo

Mtoto mdogo huujua ulimwengu kwa mdomo. Kila kichezeo akipewacho hukilamba na kukitafuna, na kemikali zilizomo katika rangi au plastiki huweza kuingia mwilini mwake.

Sumu isiyoonekana

Kemikali ya kuhofiwa zaidi ni madini ya risasi, ambayo huweza kuwamo katika rangi. Risasi hudhuru ubongo, na hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Hata jina kubwa si dhamana: mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliondoa sokoni vichezeo vyake vilivyopakwa rangi yenye risasi.

Wakati wa kununua

Mnunuzi wa Nyashimo, awe dukani au mnadani, azingatie haya:

- Asome jina la mtengenezaji na umri wa mtoto aliyekusudiwa.
- Aepuke kichezeo chenye harufu kali au rangi inayobanduka. Hata hivyo, rangi isiyobanduka si uthibitisho wa usalama. Risasi hubainika kwa vipimo.
- Adai risiti na kuitunza, ili apate ushahidi akiwasilisha malalamiko.

Chupa ya kiuatilifu si kichezeo

Si vichezeo vyote hununuliwa. Simiyu ni mkoa wa pamba, na watoto hujiundia magari kwa chupa na makopo matupu. Chupa ya kiuatilifu hubaki na sumu hata ionekanapo tupu. Mkulima aisuuze mara 3, maji hayo ayamimine katika bomba la kupulizia dawa na kuyatumia shambani, kisha aitoboe chupa na kuiweka mbali na watoto. Betri kuukuu nazo zisiachwe mikononi mwao.

Mtoto akimeza sumu

Asitapishwe, wala asipewe maziwa kwa imani kwamba yatakata sumu. Apelekwe mara moja kituo cha afya, pamoja na chupa au kichezeo husika, ili mganga aitambue sumu yenyewe.

Madhara ya risasi katika ubongo wa mtoto huweza kudumu maisha yote. Kwa hiyo tunamsihi kila mzazi na mlezi: ukitilia shaka kichezeo, usikinunue, na utoe taarifa kwetu.