Kabla ya Kumchinja Kuku Asiyetaga

Marehemu shangazi yangu alikuwa na mtetea mmoja mweusi mwenye madoa meupe shingoni, ambaye kwa muda wa siku 15 hakuacha yai hata moja kiotoni, ilhali alikuwa akila vyema, akichakura uani tangu alfajiri, na macho yake yaking'aa kama shanga. Na kwa kuwa wageni walikuwa njiani, kisu kilikwisha kunolewa. Aliyemwokoa ni mtoto aliyepenya nyuma ya rundo la makuti kuutafuta mpira wake, akarudi na mayai mawili mkononi, akisema kwamba mengine saba yamebaki huko huko. Tangu siku hiyo naamini kwamba insafu yataka kuku asiyetaga asihukumiwe kabla ya kuchunguzwa, na kwamba uchunguzi wenyewe uanzie vichakani na mafichoni.

Yai si jambo dogo kwa mwili wa kuku. Tangu kiini kichopoke tumboni mpaka yai lianguke kiotoni hupita muda wa saa 25 hivi, na katika hizo kama saa 20 hutumika kwa kazi moja tu ya kulivika ganda, ambalo karibu lote ni chokaa. Na hayo yaliyomo ndani ya ganda, robo tatu yake ni maji. Basi kuku ambaye kigae chake cha maji kimekauka mchana kutwa katika jua la kaskazi, au anayelishwa pumba tupu pasipo dagaa, wala mashudu, wala makombe ya pwani yaliyopondwa, atatoa wapi asichopewa? Mwili wake, kwa hikima ya Muumba, hujikidhia haja zake kwanza, na yai hulitoa katika ziada.

Haja iliyo kubwa kupita zote ni ile ya kubadili manyoya. Aghalabu mara moja kwa mwaka kuku hunyonyoka, akaonekana mnyonge kama aliyenyeshewa mvua, na undu wake, ule upanga mwekundu wa kichwani, ukasinyaa na kupauka. Na kwa kuwa unyoya umejengwa kwa protini karibu wote, chakula kilichokuwa kikienda katika mayai sasa huenda katika vazi jipya. Hali hii yaweza kuendelea kwa wiki 8 hadi 12, na dawa yake ni subira pamoja na lishe yenye dagaa au kumbikumbi, mpaka undu urudie wekundu wake, nayo ndiyo bishara njema.

Kuku wetu wa kienyeji, fauka ya hayo, hawakusahau uzazi. Akisha kutaga mayai yake kumi au zaidi, koo huatamia. Hutuna manyoya, hukoroma akiguswa, hutoka kwa dakika chache tu kula na kunywa, kisha hurudi kuyalalia kwa siku 21, na baada ya kuangua huwalea vifaranga kwa majuma mengi bila kutaga. Kumlaumu kwa hayo ni kumlaumu mama kwa kunyonyesha.

Mwanga nao una hukumu yake, kwani urefu wa mchana huingia katika ubongo wa kuku ukaamsha au ukalaza amri ya kutaga. Mombasa, tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki nusu saa, kwa hiyo sisi wa mwambao hatuna haja ya kuuogopa msimu, ila tuliogope banda lenye giza. Lakini ndugu zetu wanaofuga Maskati, ambako tofauti hiyo ni kama saa tatu, na zaidi wale walioko London, ambako mchana wa Desemba hauzidi sana saa 8, wasishangae mayai yakipungua au kukatika kabisa wakati wa baridi.

Kuna na adui wa siri, utitiri, ambao mchana hujificha katika nyufa za banda na vitako vya fito, usiku wakatoka kumfyonza kuku damu, hata mwenye kumtazama asubuhi akamdhania mzima. Huyu hatafutwi ila kwa taa, watu wamelala.

Mwisho ni umri, ambao hauna tabibu: kuku hutaga kwa wingi katika mwaka wake wa kwanza na wa pili, kisha mayai hupungua mwaka hata mwaka. Kisu kina wakati wake, wala simkatazi mtu. Walakini kije baada ya kigae kujazwa maji, rundo la makuti kupekuliwa, na nyufa za banda kumulikwa.