Fahamu: Ukuta wa kibofu hupimwaje?

Kibofu chenye afya hujaa mkojo huku shinikizo ndani yake likibaki dogo, kwa kuwa msuli wa ukuta wake hulegea na kutanuka. Kuupima, daktari hupitisha mrija mwembamba hadi kibofuni, hukijaza maji ya chumvi polepole na kusoma shinikizo. Mrija wa pili, uliopitishwa njia ya haja kubwa, husoma shinikizo la tumbo. Hilo hutolewa katika lile la kibofu, libaki la msuli wenyewe. Kwa mtoto mwenye mgongo wazi (spina bifida), ambaye neva za kibofu chake huweza kuwa na kasoro, kipimo hiki kisicheleweshwe kamwe. Mwaka 1981 daktari McGuire na wenzake walionyesha kwamba mkojo ukianza kuvuja shinikizo likiwa limezidi sentimita 40 za maji, figo zimo hatarini, hata kama mtoto halalamiki maumivu yoyote.