Kabla ya kumwita jirani mwizi wa maji, pimeni bomba

Sisi watu wa Mombasa twaijua chai ya Kericho na Bomet ikishafika. Huteremka kwa malori, ikalala maghalani, ikauzwa mnadani, kisha ikapanda meli. Wachache wetu wamefika inakotoka. Mimi nilifika kwa kazi: niliitwa kupima maji ndani ya bomba la kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Bomet.

Kiwanda cha chai hakiendi bila maji. Boila huyachemsha kwa kuni za mikaratusi, na mvuke wake ndio unaopasha moto hewa ya kukaushia majani. Pale, pampu ilivuta maji mtoni na kuyasukuma hadi kwenye tangi kilimani, kwa bomba la chuma la inchi 4 lililozikwa chini ya mashamba.

Pampu iliyokuwa ikijaza tangi kwa saa chache ikawa yanguruma kutwa nzima. Bili ya umeme ikapanda. Lawama wakatupiwa majirani waishio kando ya bomba, kwamba wajiunganishia maji usiku. Mzee mmoja aliitwa kwa chifu mara mbili. Na mzee huyo ni mkulima wa kiwanda hicho hicho; kila shilingi iliyopotea ilikuwa ikimega boni yake mwenyewe.

Njia ya zamani ni kufunga maji, kukata bomba na kutia mita ndani. Lakini majani yakishachumwa hayangoji. Ndipo nikatoa chombo cha altrasaundi.

Mama mjamzito akienda kupimwa hospitali, hupakwa mafuta tumboni ili sauti ipite bila kuzuiwa na hewa. Bomba nalo ni vivyo hivyo. Nililisugua kutu, nikalipaka grisi, nikafunga vihisi viwili kwa nje, kimoja mbele ya mwenzake. Vihisi hivyo hurushiana sauti kali mno, yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliisikii.

Msomaji wa pwani hahitaji darasa hapa. Mashua ikifuata mkondo hufika mapema, ikiupinga huchelewa. Sauti inayokwenda na maji huwahi, na inayorudi dhidi ya maji huchelewa. Chombo hupima tofauti ya nyakati hizo mbili, kikapata mwendo wa maji, kisha kikauzidisha kwa eneo la mkato wa ndani wa bomba. Sauti hukimbia majini karibu mita 1,480 kwa sekunde, kwa hiyo katika bomba kama lile, tofauti yenyewe haifiki hata sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde.

Kipimo hiki kina masharti. Bomba liwe limejaa, na maji yasiwe na mapovu mengi. Vihisi vikae mbali na kona na valvu, maana hapo maji huzunguka ovyo; kwa bomba la inchi 4, acha walau mita moja iliyonyooka kabla ya kihisi. Na unene wa chuma uujue, usiukisie.

Penye pampu nilisoma lita 500 kwa dakika. Penye tangi, lita 380. Zilizopotea ni lita 120 kila dakika, yaani madumu 360 ya lita 20 kwa saa. Tukalifuata bomba, tukichimba na kupima kituo baada ya kituo, hadi tukabaki na kipande kimoja kinachokatiza bonde lenye majimaji. Vijana wakafukua. Kiungo kilikuwa kimeoza, na maji yakirudi mtoni kimyakimya. Mpira wa kuibia hatukuuona popote.

Mzee yule alisimama akatazama shimo, kisha akaniambia, "Kijana wangu, hizo namba ziandike kwa karatasi. Nitaenda nazo kwa chifu." Niliziandika, nikatia sahihi.

Nimeyaleta haya nyumbani kwa sababu. Maji yetu nayo husafiri: mengine kutoka Mzima, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba la miaka ya 1950, mengine kutoka Baricho. Nchini Kenya, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na makampuni ya maji hayalipiwi. Wezi wapo, sikatai. Lakini mita mbovu zipo, na viungo vilivyooza vipo pia. Ukikaa ofisini huwezi kujua kipi kimekula kiasi gani.

Basi mfereji ukikauka mtaani na mkaambiwa ni wizi, ulizeni kwa adabu: bomba limepimwa wapi, lini, na limesoma ngapi? Chombo chafungwa kwa nje, maji hayakatwi, na kazi ya kituo kimoja huisha kabla ya adhuhuri.