Nafsi ya Msimulizi katika Habari za Wagogo

Mathias E. Mnyampala alizaliwa Ihumwa, katika nchi ya Ugogo, mwaka 1917. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Jina lenyewe lastahili kuangaliwa: ni mila za Wagogo, wala si mila zetu.

Katika Kiswahili mahali asimamapo msimulizi hujulikana kwa silabi moja ya kitenzi. Asemaye "Wagogo wanatambika mvua ikichelewa" amejitenga nao. Asemaye "Wagogo tunatambika" yumo miongoni mwao. Lakini asemaye "Wagogo hutambika" hakudhihirisha yumo au hayumo, maana hu- haichukui nafsi. Namna hii hupendwa sana na waandishi wa mila. Msomaji wa mbali huipokea kana kwamba ni kanuni isiyo na msemaji. Mgogo wa Ihumwa aweza kusikia humo sauti ya nduguye. Maneno ni yale yale, na wote wawili wamesoma sawasawa.

Haifai kudhani kwamba afanyaye hivi amejificha. "Sisi" ingalimweka nje msomaji wa Pwani au wa Ziwa, naye pia ameandikiwa.

Shida humpata mfasiri. Kiingereza hakina kitenzi kama hicho: Wagogo wakiisha kutajwa, sentensi ifuatayo aghalabu hudai "sisi" au "wao", na "wao" humtoa mwandishi katika kabila lake. Tafsiri ya Gregory Maddox, iliyotoka mwaka 1995, yafaa isomwe sambamba na asili yake kwa kuliangalia jambo hilo.