Kabla ya kupanda farasi katika milima ya Balkan

IWAPO unapanga kwenda likizo ya kupanda farasi katika milima ya Bulgaria, Albania au Montenegro, bila shaka umeshauliza bei ya tikiti na habari za viza. Ni wachache sana wanaouliza kuhusu mapaja yao.

Safari hizi si za kuzungushwa uwanjani dakika 10 kama watoto. Aghalabu mpandaji hukaa kwenye tandiko saa 4 hadi 6 kwa siku, na kesho yake anapanda tena. Misuli ya ndani ya mapaja na ya kiuno, ambayo mtu wa ofisini haitumii, ndiyo hulia kwanza. Anza kujitayarisha wiki 6 kabla. Panda ngazi badala ya lifti, chuchumaa na kuinuka mara 20 asubuhi na jioni, na ujifunze kupanda farasi hapa nyumbani. Huko Karen na Ngong kuna walimu.

Kimo cha milima kisikutie hofu. Musala, kilele kirefu kuliko vyote katika rasi ya Balkan, kina mita 2,925, na anayeishi Nairobi tayari anapumua hewa ya mita 1,700 hivi. Baridi ya usiku ni jambo jingine. Beba sweta na koti la mvua hata mwezi wa Julai.

Nguo za ndani ziwe zisizo na mishono minene, la sivyo utachubuka kinena siku ya kwanza na likizo yote itakuwa ya kusimama. Viatu viwe na kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku. Anayeanguka huku mguu umenaswa huburutwa. Kofia ngumu ya kupandia farasi ni lazima, nayo si ile ya pikipiki. Ukianguka na kugonga kichwa, kisha ukatapika, ukasahau mambo au kichwa kikazidi kuuma, usipande tena siku hiyo. Tafuta hospitali. Ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama vile warfarini, au una mimba, ushauri wangu ni kwamba uchague likizo nyingine.

Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapita miaka 10. Mazizi na udongo wa samadi ni makao ya vijidudu hivyo, na jeraha dogo la msumari latosha.

Kupe wa huko hueneza maradhi kadhaa, ikiwemo homa ya kutokwa damu ya Crimean-Congo, ambayo imeripotiwa Bulgaria, Albania na Kosovo. Vaa suruali ndefu, uiingize ndani ya soksi, na kila jioni ujikague kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute polepole moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa, hata kama nyanya alifanya hivyo na ng'ombe wakapona.

Mbwa wa wachungaji ni wakubwa na hawataki mgeni karibu na kondoo. Mwache kiongozi wa msafara azungumze na mchungaji kwanza. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha utafute chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Jibini ya kienyeji ya kondoo utakaribishwa kwa ukarimu, lakini uliza kama maziwa yalichemshwa. Brusela, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua vyema, uko huko pia.

Huko Bosnia na Herzegovina usiache njia hata kujisaidia. Mabomu ya ardhini ya vita vya 1992 hadi 1995 hayajaondolewa yote, hasa milimani na misituni.

Sasa nisikilize kwa makini, kwani jambo hili laweza kuua. Nchi za Balkan hazina malaria ya kienyeji, na huenda daktari wa mji mdogo kule hajawahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Ukiumwa na mbu Kisumu au Kilifi wiki moja kabla ya kuondoka, homa yaweza kukupata ukiwa juu ya farasi. Wewe utadhani ni uchovu, na yeye atadhani ni mafua. Malaria kali humaliza mtu kwa siku chache. Kwa hivyo ukipata homa katika mwezi wa kwanza baada ya kuondoka Kenya, mwambie daktari kwa sauti kwamba umetoka nchi yenye malaria na udai upimwe damu siku hiyo hiyo. Kabla ya safari, muulize daktari wako kama inafaa ubebe dozi ya dawa.

Mwisho ni bima. Bulgaria, kama nchi nyingine za Schengen, hudai bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 kabla ya kutoa viza. Lakini soma yale maandishi madogo. Bima nyingi hazilipii ajali za kupanda farasi wala helikopta ya kukutoa mlimani, mpaka uongeze malipo. Pata jibu kwa maandishi kabla ya kulipa. Namba ya dharura Bulgaria ni 112. Iandike kwenye karatasi uitie mfukoni, kwani simu huanguka pamoja na mwenyewe.