Mlango wa chuo kikuu uko kidato cha pili

Mwambie mzazi ambaye mwanawe ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza kwamba maandalizi ya chuo kikuu yameshaanza, atakuona una haraka. Mtoto ana miaka 14, sare bado mpya, na mtihani wa kidato cha sita uko zaidi ya miaka sita mbele. Mimi nasema yameanza, tena miaka hii miwili ya mwanzo huamua mengi kuliko ile miwili ya mwisho ambayo familia huilipia tuisheni kwa jasho.

Tuifuate njia kwa kuanzia mwisho. Kwa kijana anayetoka shuleni moja kwa moja, Tanzania haina mtihani wa pekee wa kuingilia chuo kikuu; kinachotazamwa ni matokeo ya kidato cha sita. Tume ya Vyuo Vikuu inataka angalau masomo mawili yaliyofauliwa kwa daraja A hadi E, yenye jumla ya pointi 4. A ina pointi 5, E ina 1. Anayetaka udaktari lazima awe na Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Masomo hayo huwezi kuyasoma kidato cha tano kama hukuyafaulu kidato cha nne, na huwezi kuyafanyia mtihani kidato cha nne kama uliyaacha ulipoingia cha tatu. Katika shule nyingi mwisho wa kidato cha pili ndipo mwanafunzi anapochagua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuziacha. Ana miaka 15 au 16, na mara nyingi hakuna mtu mzima aliyekaa naye kumweleza anafunga mlango gani.

Kuna jambo la madaraja ambalo wazazi wengi hawalijui. Alama 45 katika mtihani wa kidato cha nne ni C, na C hiyo inahesabika katika kumpeleka mtoto kidato cha tano. Alama hizo hizo 45 kidato cha sita ni E. Alama 30 kidato cha nne ni D. Kidato cha sita ni F. Kwa hiyo aliyevuka kwa kujivuta anaingia mahali ambapo mada ni nzito zaidi na kipimo nacho kimepanda, maana C ya huko inaanzia 60.

Nichukue Kemia, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha wazi jinsi mada zinavyobebana. Kidato cha pili mwanafunzi hukutana na valensi na uandishi wa fomula. Inaonekana mada ndogo: kalsiamu ina valensi 2, klorini 1, basi fomula ni CaCl₂. Asiyeielewa huikariri, na kwa mtihani wa kidato cha pili kukariri kunaweza kumvusha. Kidato cha tatu anatakiwa kusawazisha milinganyo ya kikemia. Fomula ikiwa mbovu, mlinganyo hausawaziki. Inafuata dhana ya moli, ambayo haiendi bila mlinganyo sahihi. Juu ya moli kuna taitresheni, lile jaribio la kudondosha asidi kutoka kwenye bureti mpaka rangi ibadilike, ambalo mwanafunzi hukutana nalo katika vitendo vya kidato cha nne na tena vya kidato cha sita. Nimewaona vijana wa kidato cha tano wakihangaika na hesabu za moli, wanakosa, wanarudia, wanakosa tena, na kila mtu anaamini tatizo ni moli. Wape karatasi waandike fomula ya salfeti ya alumini. Kosa linajitokeza hapo hapo, na ni kosa la kidato cha pili.

Hisabati nayo ni hivyo hivyo. Aljebra, logi na uwiano wa trigonometria hufundishwa kabla ya kidato cha tatu. Logi hurudi kwenye pH ya Kemia na kwenye mionzi ya Fizikia, na anayesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, bado ana somo la hisabati liitwalo BAM (Basic Applied Mathematics) la kufaulu.

Halafu kuna lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, kisha ghafla karibu kila somo linakuwa kwa Kiingereza. Anaweza kulielewa somo na asilielewe swali. Dawa yake ni kusoma sana: vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, kurasa chache kila siku, kwa miaka miwili. Anayeelekea HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) asidhani haya ni ya wanasayansi. Insha ya Historia ya kidato cha sita inamtaka mtu aliyezoea kusoma kurasa nyingi na kupanga hoja, na mazoea hayo hayajengeki kwa miezi mitatu.

Nikisema kuanza mapema sina maana ya kumrundikia mtoto wa kidato cha kwanza mitihani ya miaka iliyopita, wala kumpeleka tuisheni mpaka saa nne usiku. Mitihani hiyo hupima uelewa uliopo, haiujengi usiokuwepo. Tena kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kinachofaa ni kurudia kidogo kidogo. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunachojifunza hupotea haraka mwanzoni, na kukirudia kwa kuachanisha siku hukikalisha kuliko kukirudia kwa mkupuo. Mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba baada ya wiki moja, aliyejipima bila kutazama kitabu anakumbuka zaidi ya aliyesoma tena na tena. Basi inatosha nusu saa ya Jumamosi: daftari la mwezi uliopita limefunikwa, mtoto ajiulize na kujibu kwa maandishi. Haihitaji ada.

Kenya wameliweka suala hili hadharani. Mwanafunzi akimaliza gredi ya 9 hufanya tathmini ya KJSEA, iliyofanyika mara ya kwanza 2025, kisha huingia mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mfumo huo una matatizo yake, lakini angalau familia nzima inajua kwamba uchaguzi unafanyika. Kwetu mtoto huacha Fizikia kwa kuwa rafiki yake kaiacha, au kwa kuwa shule haikuwa na mwalimu wa somo hilo, na nyumbani hawajui mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke.

Mazungumzo ya kuchagua masomo yafanyike muhula wa kwanza wa kidato cha pili, kabla ya mtihani wa Novemba. Mzazi aende shuleni na madaftari ya Kemia, Fizikia na Hisabati, si ripoti peke yake, amwombe mwalimu amwonyeshe ni katika mada ipi mtoto alianza kupotea. Kama mwalimu wa somo hayupo, atafutwe wa shule jirani au mwanafunzi wa kidato cha sita aliye likizo. Miezi inayobaki inatosha kurudia valensi na aljebra kwa utulivu. Januari ya kidato cha tatu ikifika, mwalimu ataendelea na mada inayofuata.